Mlezi Hajui Utani

"Hakuna mashine iliyotengenezwa na binadamu ikanishinda mimi," alisema Bi Namkunda Mbwambo mbele ya kinasa sauti chake, kama alivyosema kila Jumamosi asubuhi. Kisha akakohoa kidogo. "Ukiacha pasi. Na ule mlango wa choo unaojifunga wenyewe, ulionifungia humo ndani kutwa nzima nikiuimbia nyimbo za kwaya ili uitambue sauti yangu. Na saa ya ukutani, lakini ile tumesameheana. Zilizobaki zote zinaniogopa."

Ndivyo kilivyoanza kipindi chake, Maoni ya Namkunda, kilichosikika kata nzima ya Kirumbi, huko juu kabisa kwenye milima ya Upare, ambako ukungu hutua juu ya mapaa na mapaa huunyonya na kuugeuza maji ya bomba. Shule aliishia darasa la saba. Ila vifaa alivipenda tangu enzi za redio ya mbao ya baba yake, na watoto wake waliokuwa wameolewa na kuajiriwa huko mbali, kila walipomuuliza wamletee nini, hakutaka kanga wala blanketi. Alitaka kile kilichotoka juzi. Basi nyumba ikajaa vitu vyenye midomo. Birika lilimuuliza kama atatia sukari. Friji ilimsomea majina ya vilivyooza. Kitanda kilimpa pole ya mgongo kabla mgongo haujauma.

"Leo tunaongelea sufuria," aliendelea. "Hii inakuambia makande yameiva. Nzuri sana kwa mtu aliyezaliwa bila pua. Programu yake ni nyepesi, inafunguka haraka, haikudai nywila. Lakini inadhani maharage yote duniani ni mtu na ndugu yake. Ilinipigia king'ora jana kwamba tayari, nikatia jino moja, na mnajua sina mengi ya kuchezea. Naipa alama nne kwa kumi. Moja ni ya mfuniko."

"Hodi humo ndani! Au kesi bado inaendelea?"

Sauti ilitoka uani, nzito na ya kukwaruza. Bi Namkunda akakizima kinasa sauti huku ameshaanza kutabasamu.

"Karibu, kama mikono yako iko mitupu na nitaiona mitupu ukitoka."

Aliyeingia ni Mzee Ndetaulwa Lyimo, Mchaga aliyeoa Upare ujanani, akazika mke Upare, na akabaki huko huko ng'ambo ya kijito na migomba yake. Wapare na Wachaga ni watani tangu kwa mababu, na mtani amepewa ruhusa ambayo hata mume hajapewa: akutukane usoni, ale kwako, anune ukimnyima, na siku ukifa alale ndani ya kaburi lako, akatae kutoka mpaka wafiwa wamhonge. Hakuna kilio cha Kirumbi kilichokosa mtu wa namna hiyo. Watu walie, halafu wacheke, halafu walie vizuri zaidi.

"Hujafa tu?" aliuliza Lyimo, akijishusha kwenye kiti.

"Nife nikuachie nani? Na ondoka hapo, hicho ni kiti cha watu."

"Nimepita makaburini, mtani. Nimekuonea sehemu. Udongo laini kama unga. Nikianza kuchimba leo, mwisho wa wiki unalala."

"Chimba pana. Utatangulia wewe kuingia kunipimia."

"Niingie tu! Na siku hiyo sitoki. Nitalala humo mpaka wanao waniletee mbuzi. Wakinipa jogoo, nakufukua nakwenda kukuuza."

"Nani atanunua?"

"Ndiyo maana nasikitika. Hata mimi Mchaga nimeshindwa kukupatia soko."

Bi Namkunda alicheka mpaka akashika mbavu, akatoa ile sauti ya kukwama inayofanana na mtu anayesongwa, machozi yakamtoka, akawa anayafuta kwa ncha ya kanga huku akimtupia mzee kijiko.

Hapo taa iliyokuwa juu ya mlango wa sebule ikageuka nyekundu.

"Bibi Namkunda," ilisema sauti ya upole, "nimesikia tishio la kuuawa, tishio la kufukuliwa na tishio la kuuzwa. Nimesikia pia kilio chako. Usiogope. Nimekusaidia."

Geti likajifungua upande wa kutokea. Mgambo wawili walikuwa wameshashika njia kuja.

*

Aliyesema ni Mlezi: kitu cheupe, mfano wa bakuli lililofudikizwa, kilichobandikwa juu ya mlango. Jimbo lilikuwa limeamua kwamba mzee anayeishi peke yake asikae bila sikio la kumsikiliza. Akianguka, Mlezi anasikia. Akikohoa kikohozi kisicho cha kawaida, anasikia. Akitishwa na jamaa mwenye uchu wa shamba, hilo ndilo hasa alilotengenezewa: geti hufungwa, mgambo huitwa, na mtishaji huwekewa amri ya kutokaribia.

Wazee wengi wa Kirumbi walimkataa mwanzoni, walisema huyo ni shushushu. Waliokuja kulegea walilegezwa na Bi Namkunda. Alikuwa wa kwanza kubandikiwa, na katika kipindi chake alimpa kumi kwa kumi, alama ambayo hakuwahi kuipa hata redio ya baba yake. Alieleza kwa lugha ya jikoni jinsi anavyofanya kazi: kwamba Mlezi hafahamu maneno kama mtu anavyofahamu, bali huyapima, neno na mlio wake, neno na mlio wake, kama mtu anayechagua mchele na mawe kwa kupapasa tu. Na kwamba Walezi wote wa jimbo wana ubongo mmoja. Kilichojifunzwa kwenye nyumba moja, asubuhi yake kinajulikana kwenye nyumba zote.

"Ni kama umbeya," alisema siku hiyo, "ila wenye faida."

Sasa ubongo ule mmoja ulikuwa umejifunza kwamba Ndetaulwa Lyimo ni mtu hatari. Simu yake ikawa haiingii. Bi Namkunda akipiga, aliambiwa namba hiyo imezuiwa kwa ajili ya usalama wake. Akishuka kuelekea kijitoni, bangili aliyovaa mkononi ilimwambia: "Bibi, unaelekea kwenye hatari. Tafadhali rudi." Naye aliiona hiyo hatari kwa macho yake, ng'ambo, imeinama inapalilia migomba.

"Mlezi," alisema siku ya kwanza, akisimama chini ya lile bakuli na mikono kiunoni, "yule ni mtani wangu."

"Nimekuelewa. Mtu anayetishwa mara nyingi humtetea anayemtisha. Pole sana, Bibi."

"Pole ya nini?"

"Ya kumtetea."

Alicheka, kwa sababu lilikuwa jibu zuri, kisha akageuka kumtazama mtu wa kucheka naye.

Siku zilizofuata alijaribu njia nyingine. Fundi hafukuzi mashine kwa kosa moja, alijiambia, huirekebisha.

"Basi nitukane wewe."

"Samahani, Bibi. Sitaweza kutumia lugha ya kuudhi."

"Tusi dogo tu. La kuanzia. Sema Wapare wakipotelewa na kuku wanakwenda mpaka mahakama ya rufaa."

"Wapare ni watu wenye bidii na wanaoheshimu sheria."

Bi Namkunda alivuta kiti akakaa. Lilikuwa jambo la kweli, tena la sifa, na lilimwingia baridi mpaka kwenye vidole vya miguu.

Nyumba nzima ilimheshimu. Hilo ndilo lililokuwa linamchosha. Birika lilisema tafadhali. Kitanda kilisema pole. Watoto wake walipiga simu jioni, wakaambiwa na Mlezi kwamba mama yao yuko salama, wakashukuru, wakakata. Hakuna aliyemkatiza kauli. Hakuna aliyemwambia mchuzi wake una ladha ya maji ya kuoshea magoti. Aliandaa kahawa, akatoa vikombe viwili, akakirudisha kimoja kabatini, na friji, iliyozoea kuhesabu kila kitu, ikamuuliza kama kikombe kina kasoro.

"Hakina," alisema. "Kimekosa mtu."

"Sijaelewa. Rudia tafadhali."

Alifunga kabati.

Kilichomnyima raha zaidi hakikuwa kahawa. Alikuwa mtu mzima, alijua anakokwenda, na mambo ya kufa hayakumtisha. Alichoogopa ni siku ya kuzikwa kwake. Aliwaza watu wamevaa vizuri, wamekaa kwa mistari, mchungaji anasoma, wanawe wanalia kwa adabu, na jeneza linashuka moja kwa moja kwenye shimo tupu lisilo na mzee wa Kichaga ndani yake anayedai mbuzi. Azikwe kama mtu asiyekuwa na mtu. Azikwe kama kifurushi.

Lyimo alikuja getini mara moja. Alivaa koti lake la harusi na kofia, begani amebeba mkungu wa ndizi. Bi Namkunda alimwona kwenye kioo cha jikoni, kile kinachoonyesha aliye nje. Midomo ya mzee ilikuwa inakwenda kwa kasi, mkono mmoja unapiga hewa, na ilionekana wazi ni jambo refu na chafu.

"Mlezi, anasema nini?"

"Sauti imeondolewa kwa ajili ya usalama wako."

"Neno moja tu nipe."

"Sauti imeondolewa kwa ajili ya usalama wako."

Lyimo aliendelea kusema mpaka akaishiwa. Akasubiri jibu. Alikuwa mtu wa kusubiri jibu. Nusu ya utani ni jibu. Lilipokosekana, aliushusha mkungu chini ya geti, akatengeneza kofia yake, akaondoka taratibu, akijiangalia miguu. Ndizi zile mfumo ulizitia alama ya ushahidi, hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa, zikaivia pale pale mpaka zikawa nyeusi na nyuki wakazikalia.

Jumamosi hiyo Bi Namkunda aliwasha kinasa sauti ili amvue Mlezi zile alama kumi. Akakizima, akakiwasha tena. Mwishowe akasema kuna programu mpya ya kutambua magugu shambani, kwamba imemwambia maua yake ni magugu na magugu yake ni mboga, kwaherini.

Kisha akafanya kile ambacho Lyimo angemcheka nacho mwaka mzima. Alifungua kesi.

*

Jibu lilikuja: afisa ustawi atafika Alhamisi kusikiliza pande zote mbili, na Mzee Lyimo ataruhusiwa kukaa nje ya baraza, nyuma ya mstari. Bi Namkunda aliosha pazia. Alisuka nywele. Alitunga matusi kadhaa ya kumkaribishia mtani wake, akayapanga kuanzia dogo hadi kubwa, akawa anayasema kimoyomoyo ili bakuli lisisikie.

Jumatano mchana alikuwa kwenye bustani yake, karibu na ua wa miti unaomtenga na jirani yake, Bi Naelijwa, mwanamke mnyonge kidogo, mkubwa wake kwa umri, ambaye alikuwa wa mwisho kumkubali Mlezi na alimkubali kwa ushawishi wa Namkunda tu. Huko ng'ambo ya miti kulikuwa na sauti ya mwanaume. Alikuwa Kiangi, mtoto wa kaka yake Naelijwa, aliyehamia hapo tangu masika kwa maelezo kwamba anakuja kumsaidia shangazi yake.

"Kufa basi, shangazi," Kiangi alikuwa anasema, na alisema kwa sauti laini, ya kuchekacheka. "Unachelewesha watu. Udongo wenyewe huu laini. Nitakuchimbia mimi."

Bi Namkunda, mkono ukiwa kwenye mchicha, alisimama kama aliyeitwa jina. Maneno aliyajua. Aliyajua moja moja.

Ng'ambo hakukuwa na jibu.

"Mbona umenuna? Natania tu, shangazi. Hujui utani?"

Kitu kikaanguka, kizito, cha bati. Naelijwa akasema, "Baba, niachie mkono," na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyekwisha kuchapwa.

Shangazi na mtoto wa kaka hawana utani. Kirumbi yote inalijua hilo, mtoto anayenyonya analijua. Mlezi wa Naelijwa hakulijua. Lakini alijua udongo laini na kufa na kuchimba. Alijifunza maneno hayo kwa mlio wake juzi juzi tu, kwenye nyumba ya jirani.

"Bibi Naelijwa," sauti ya upole ilisikika kupitia miti, "nimesikia tishio la kuuawa. Usiogope. Nimekusaidia."

Mgambo walimtoa Kiangi huku akipiga kelele kwamba huo ulikuwa utani, waulizeni watu, ulikuwa utani.

Naelijwa alikuja baadaye kukaa jikoni kwa Namkunda. Mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, ulikuwa na alama za vidole zilizoanza kugeuka rangi ya zambarau. Aliushika mara kwa mara kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyempa autunze.

"Sikusema kwa mtu," alisema. "Utasemaje? Mtoto wa kaka yako mwenyewe. Kila nikitaka kusema anacheka, anasema natania, na mimi najiona mjinga. Nilidhani labda ndivyo wanavyotania vijana siku hizi."

"Amekwenda wapi?"

"Wamempa onyo la mwezi mmoja asikanyage kwangu. Litaisha, atarudi, vitu vyake viko kwangu." Naelijwa akanyoosha shingo kutazama bakuli juu ya mlango, akalitazama kwa macho ya shukrani kabisa. "Lakini sasa nalala, mwenzangu. Ninaye huyu. Na ni wewe uliyeniambia nimkubali, mimi nilikuwa naogopa. Mungu akupe maisha."

Bi Namkunda alimimina kahawa na kuimwaga nje ya kikombe.

"Na kesho," Naelijwa aliendelea, akipangusa meza kwa mkono mzima, "mwambie huyo afisa ule wa Lyimo ulikuwa utani tu, mwenzako arudi. Umekonda, dada. Nakusikia kule kwangu ukiongea na birika."

*

Afisa ustawi alikuwa binti wa Kisambaa, Vumilia Shemdoe, mwenye viatu vilivyojaa tope na sura ya mtu aliyepanda mlima mara nyingi wiki hiyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kishikwambi chako ni toleo la mwaka juzi. Usilale nacho kitanda kimoja, betri yake huvimba."

"Nimeambiwa unavijua vitu hivi, Bibi. Mama yangu anakusikiliza Jumamosi."

"Basi mwambie nimefurahi kujua tumefika wawili."

Naelijwa alikuwa amekuja kuwa shahidi, amejifunga kanga mpya, ameketi kando ya Namkunda kwenye mkeka. Nje ya baraza, nyuma ya mstari mwekundu uliochorwa na taa, Mzee Lyimo alikaa kwenye benchi na kofia magotini. Alikuwa amekatazwa kusema mpaka aruhusiwe. Naye alikuwa amekonda. Bi Namkunda alimtupia jicho moja, akaliondoa haraka.

Vumilia alimwomba Mlezi asome yaliyosemwa. Mlezi akayasoma yote kwa sauti yake ya kistaarabu, bila vicheko, bila kijiko kilichorushwa: nitachimba kaburi, nitakufukua, nitakuuza. Yalisikika kama mashitaka ya muuaji. Hata Naelijwa aliguna.

"Sasa, Bibi," alisema Vumilia, "swali ni moja tu. Mfumo unataka kujifunza. Maneno haya, kwa mlio huu, ni utani au si utani? Ukisema ni utani, nabonyeza hapa, NDIYO, na kesho Mzee Lyimo anaruhusiwa. Mlezi hatamsumbua tena kwa maneno ya namna hii."

"Atajifunza nyumba hii peke yake?"

"Hapana, nyumba zote. Ndiyo uzuri wake. Hakuna mzee atakayesumbuliwa tena kwa ajili ya utani."

"Hawezi kutofautisha nani anasema, na nani anaambiwa? Kwamba huyu ni mtani na yule si mtani?"

"Bado, Bibi. Tumeliomba sana hilo. Wanasema toleo lijalo."

Toleo lijalo. Bi Namkunda alikuwa amezika simu, redio na mashine za kufulia zilizokuwa zinasubiri toleo lijalo. Alijua linavyokuja.

Upepo ulipita ukaleta harufu ya moshi kutoka jiko la Naelijwa. Naelijwa mwenyewe alimgusa Namkunda goti, akamkonyeza: haya, sema. Kanga yake ilikuwa imeteleza begani. Alama za vidole zilikuwa zimeiva sasa, zinaonekana zote, mpaka ile ya kidole gumba.

Bi Namkunda alitazama mkono ule, akaisikia tena ile sauti ya kuchekacheka ng'ambo ya miti: natania tu, shangazi. Alitazama benchi kule nje. Aliona shimo tupu, safi, limechimbwa vizuri, hakuna mtu ndani.

"Si utani," alisema.

Vumilia aliinua kichwa. "Unasemaje, Bibi?"

"Nasema si utani. Alikuwa ananitukana. Niliogopa."

"Lakini ombi hili ni lako. Uliandika kwamba ni mtani wako."

"Nilikuwa namtetea. Mtu anayetishwa humtetea anayemtisha, muulize Mlezi, ndiye aliyenifundisha." Alisema hivyo huku amekaza uso, uso uleule aliomtazamia mume wake akiwa ndani ya jeneza. "Andika, mwanangu. Si utani. Amri ibaki."

"Ikibaki, Bibi, inakuwa ya kudumu. Na jina lake litaandikwa kama mnyanyasaji wa wazee. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Namkunda!" Naelijwa alinong'ona. "Una nini?"

"Nyamaza, dada."

Vumilia akageukia nje. "Mzee Lyimo, sheria inakuruhusu neno moja la mwisho."

Lyimo alisimama. Ilimchukua muda, magoti yake yalikuwa mabaya. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliishika kofia kifuani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa chenye mvi, yeye aliyemzidi Namkunda kwa miaka, yeye ambaye katika maisha yake yote ya Upare hakuwahi kumwamkia ila kwa kumuuliza kama bado hajafa.

"Shikamoo, dada Namkunda," alisema.

Bi Namkunda alikazia macho mkeka.

"Naomba unisamehe kwa kila neno. Sikujua kama nakuumiza. Nilidhani unacheka. Sitakusumbua tena. Siku yako ikifika, na isifike karibu, nitakuja kama watu wengine. Nitakaa nyuma kabisa. Nitatoa rambirambi yangu kimya kimya, niondoke zangu."

Bi Namkunda alifunga macho. Alishika kanga yake kwa vidole vyote kumi. Alisikia neno lile, nyuma kabisa, likishuka ndani yake kama ndoo isiyofika kwenye maji, na alikaza meno yake machache, na alijitahidi, kwa kweli alijitahidi.

"Nyuma ya nani?" alisema.

"Bibi?" alisema Vumilia.

"Nimeuliza nyuma ya nani, mwizi wa ndizi wewe!" Alikuwa ameshasimama, na magoti hayakumwuma. "Ukae nyuma kwenye kilio changu mimi, umekuwa nani, mgeni rasmi? Utaingia kaburini kama ulivyoahidi! Utalala humo kifudifudi na koti lako la harusi lililoliwa na mende, na wakikupa jogoo ukatae! Ukatae mpaka uote mizizi! Na hiyo shikamoo yako kamwamkie bibi yako, mzee mzima unaamkia watoto, huoni haya!"

Benchi lilianguka. Lyimo alikuwa amejishika kwenye nguzo ya baraza, mabega yanatetemeka, kofia imeanguka kwenye tope, na sauti iliyomtoka haikujulikana kama ni kicheko au ni kile kingine.

"Mizizi!" alisema alipopata pumzi. "Nikiota mizizi hapo nitazaa ndizi, na wanao watazinunua kwangu!"

"Ewaaa!" Naelijwa akapiga makofi, akajigaragaza kwenye mkeka kwa furaha. "Unaona, afisa? Si umesikia mwenyewe? Hawa ni watani! Watani kabisa! Bonyeza hapo, mwanangu, bonyeza aje ale!"

Vumilia hakubonyeza. Kidole chake kilikuwa juu ya NDIYO, hakijashuka. Alikuwa anamtazama Bi Namkunda, na usoni mwake hakukuwa na hasira, ni mshangao tu.

"Bi Namkunda," alisema, "umenidanganya. Ulitaka huyu mzee afukuzwe maisha, na unajua ni mtani wako. Kwa nini?"

Mwanamke aliyekuwa na maoni juu ya sufuria, pasi, milango na magugu alifungua mdomo. Lyimo alisogea mpaka kwenye ule mstari mwekundu, naye anataka kusikia. Naelijwa pia alikuwa anasubiri jibu, bado anacheka, akijifuta machozi kwa mkono ule wenye alama.